Mguu wa Chiriku

Uvumi ule ulimkuta Sisimizi saluni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama ufagio, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia.

"Dada, ina maana hujasikia?" msusi alimwuliza huku akivuta nywele. "Kuna mtoto huko nyuma ya kiwanda kachomwa chanjo, mguu umekufa. Unaburuzwa kama gunia. Wanasema friji ya zahanati ilizimika, dawa ikaharibika, nao wakachoma hivyo hivyo."

"Wanasema akina nani?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Aa, watu ni watu. Tulia, nisije nikakusuka kichogo upande. Na lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Pembeni alikaa mama mmoja amepakata mtoto mchanga, anasubiri zamu yake. Kadi ya kliniki ya mtoto ilikuwa mkononi mwake. Aliikunja polepole akaisukuma chini kabisa ya mkoba, chini ya khanga na nepi, halafu akafunga zipu. Sisimizi aliyaona yote hayo kwenye kioo.

Methali ile hakuipenda. Kazi yake ilikuwa upelelezi wa madai kwenye Mfuko wa Fidia, ule unaowalipa walioumizwa na chanjo, na pale alishasikia mengi yanasemwa ambayo hayakuwapo wala hayakuwa njiani. Lakini uvumi ulimng'ang'ania kama mbegu za majani kwenye pindo la nguo. Nyumbani alikuwa na kitinda mimba wake, na siku yake ya chanjo ilikuwa imefika. Sisimizi hakuwa ameamua kutompeleka. Alikuwa tu hajampeleka.

Jumatatu faili la mtoto yule yule likatua mezani kwake.

"Hili nalitaka limefungwa ifikapo Ijumaa," alisema mkuu wa idara, ambaye watumishi walimwita Mzee Haraka, ila si mbele yake. "Mtaa mzima umegoma kuleta watoto. Muuguzi ameshasimamishwa kazi. Lipa au kataa, mama, lakini usiniletee habari za tunaendelea kuchunguza."

"Na kama sijajua?"

"Wewe si Sisimizi? Ukidondoshewa chembe ya sukari ghorofani unaifuata toka uani. Nenda kajue."

Madai yenyewe yalikuwa mafupi. Mtoto wa kike, bado hajaanza shule, kwao wanamwita Chiriku. Bibi yake, mama mzaa baba, ndiye aliyempeleka kwenye chanjo ya kampeni, kwa sababu mama mtu alikuwa kazini. Bibi anasema muuguzi alimchoma mtoto kwenye kalio la kushoto. Jioni mwili ukapata moto. Kulipokucha mguu wa kushoto haukunyanyuka, unyayo unaning'inia, vidole vinakwaruza sakafu. Daktari wa mifupa alikuwa ameona alama ya sindano kwenye kalio na akasema mshipa wa fahamu umejeruhiwa. Muuguzi naye anasema alimchoma mkononi, na hajui habari za kalio.

Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu. Nani alimchoma mtoto kwenye kalio? Akiwa muuguzi, Mfuko ulipe, na yeye aende na maji. Asipokuwa yeye, basi kuna mtu mtaani anachoma watoto, na kesho atachoma mwingine.

Alianza na friji, maana uvumi usipoukata kichwa mapema huzaa. Ni kweli umeme ulikuwa umekatika zahanati. Lakini kila kichupa cha chanjo kina alama inayobadilika rangi kikipata joto, na alama zote alizozikagua kwenye vichupa vilivyobaki zilikuwa safi. Akawatafuta watoto wengine waliochomwa siku ile ile kwa dawa ile ile. Wa kwanza alimkuta juu ya paa la banda la kuku, mama yake yuko chini na fimbo. Wa pili alimpita mbio na tairi. Friji ikafa hapo.

Sisimizi alimkuta muuguzi nyumbani anapiga pasi sare ambayo hakuwa na pa kuivalia.

"Umekuja kunimalizia?" muuguzi alimwuliza, pasi bado mkononi.

"Nimekuja kukuona unavyochoma. Fanya kama mkoba wangu ndiye mtoto."

Muuguzi alimtazama kwanza kama anamkejeli. Kisha akaweka pasi, akamkalisha Sisimizi kwenye kiti, akamkalishia mkoba pajani. "Aliyemleta mtoto anakaa hivi. Mtoto namwegemeza kifuani kwake, mkono mmoja uko nyuma ya mgongo wa mama, huu mwingine nauona mimi. Miguu umeibana katikati ya mapaja yako. Namwambia, puliza, poza chai. Akipuliza, mimi nimemaliza."

"Kila mtoto?"

"Hata mtoto wa waziri apoze chai."

"Na kwenye kalio?"

"Kwenye kalio tuliacha. Kule unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Ukikosea padogo tu, umechukua mguu wa mtoto wa watu."

"Siku ile mlichomea wapi?"

"Uwanja wa shule. Tulifunga turubai tukapanga viti. Jua lilitukaanga mpaka basi."

"Vichupa vikiisha mnavipeleka wapi?"

"Boksi. Kichupa, kifuniko, sindano, vyote ndani ya boksi, na boksi linachomwa moto. Hata pamba huondoki nayo."

"Watu watasema unajitetea."

"Najitetea, ndiyo," alisema muuguzi, akaichukua tena pasi. "Sasa nimtetee nani?"

Sisimizi aliondoka hajamwamini wala hajamkataa. Watu wengi wanaofanya makosa huelezea vizuri jinsi ya kutokosea.

Kwa akina Chiriku kulikuwa na chumba na sebule. Sebuleni kulikuwa na cherehani karibu na dirisha, mkeka sakafuni na pazia lililogawa pa kulala. Mama wa mtoto, siku hiyo hana zamu kiwandani, alikuwa anashona sare za shule, kola nyeupe zimelundikana miguuni kama povu. Baba wa mtoto alikuwa safarini na lori, kwa hiyo msemaji wa nyumba alikuwa baba mdogo, kijana mwenye shati lililopigwa pasi na simu mbili.

"Karibu, mama. Maswali yote uniulize mimi," alisema kabla Sisimizi hajakaa.

"Wewe ulikuwapo siku ya sindano?"

"Sikuwapo, lakini nimeyapanga mambo vizuri."

"Hayo ndiyo yanayonitia wasiwasi."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mtandio kichwani, anachambua mchele kwenye sinia. Sisimizi akamwinamia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na jua."

Kwenye mkeka alikaa mtoto na mwanasesere wa vitambaa. Mguu wa kulia ulikuwa umekunjwa. Wa kushoto ulikuwa umelala tu, kama kitu alichopewa amshikie mtu.

"Huyu ndiye Chiriku?" Sisimizi aliuliza. "Mbona hatusikii mlio?"

Mama mtu aliacha kukanyaga cherehani. "Alikuwa anaongea mpaka usingizini," alisema. "Majirani walikuwa wanatugongea ukuta. Siku hizi…"

"Mtoto haongei na wageni mpaka madai yaishe," baba mdogo alimkatiza. "Tumekubaliana hivyo. Nyie watu wa Mfuko mnajua kutega."

Macho ya Sisimizi yalikuwa yameshahamia ukutani. Kwenye msumari, karibu na kalenda, kilining'inia kifaa cha plastiki chenye mikanda, cha kushikilia kifundo cha mguu kisianguke. Bado kilikuwa ndani ya mfuko wake wa nailoni, haujachanwa.

"Kile alipewa na daktari wa mifupa?"

"Ndiyo," alisema mama.

"Na mazoezi?"

Mama alimtazama shemeji yake. Baba mdogo akakohoa kidogo, kama mtu anayetaka kueleza hesabu kwa mtoto. "Mama, hebu tufikirie kama watu wazima. Mnakuja kukagua mguu. Mkiukuta umenyooka, mtalipa nini? Ushahidi hauguswi. Hata polisi mahali pa tukio hawafagii."

Sisimizi alisikia masikio yanapata moto. Daktari wa mifupa alikuwa amemwambia wazi, kabla hajafika pale: mshipa ule unaweza kuamka, ila kifundo kishikiliwe na mguu uchezeshwe mapema, la sivyo msuli utakakamaa na hakuna atakayeulainisha tena.

"Mguu si mahali pa tukio," alisema. "Hakuna sheria inayokataza mtoto kutibiwa. Mvalisheni leo."

"Ndivyo mnavyosema," alijibu baba mdogo, akitabasamu. "Halafu mtuandikie barua kwamba amepona. Tumekula chumvi kidogo, mama, lakini tumekula."

Hapo Sisimizi alianza kumshuku kijana yule. Mtu anayeuzuia mguu usipone huenda ndiye aliyeutunga mkasa mzima. Lakini kuchechemea hakutungwi, na kijana hakuwapo. Aliyekuwapo alikuwa anachambua mchele, na hakuwa amenyanyua uso.

"Mama," Sisimizi alimgeukia bibi, sauti chini. "Nisaidie nielewe. Muuguzi alimlazaje mtoto?"

"Kifudifudi."

"Wapi?"

"Mapajani kwake."

"Yeye muuguzi alikuwa amekaa?"

"Amekaa. Mimi nimesimama nimeshika miguu."

"Pole. Mtoto alijitupa sana?"

"Alijitupa mpaka jasho lilinitoka, na lile feni linanipuliza usoni lakini wapi."

Vidole vya bibi vilisimama juu ya sinia, kisha vikaendelea. Cherehani ikalia tena. Sisimizi hakunyanyua hata unyusi. Uwanja wa shule, chini ya turubai, hakuna feni. Alikuwa amewahoji waongo wengi, akajua kwamba watu wa kawaida hawatungi jambo jipya. Wanachukua jambo la kweli wanalihamisha mahali, na wakilihamisha husahau kuacha nyuma kitu kimoja. Bibi alikuwa amehama na feni.

Simu moja ya baba mdogo ililia, akatoka nje kuongea. Sisimizi akavua viatu, akashuka kwenye mkeka.

"Huyu mwanao anaumwa?" alimwuliza Chiriku, akimwonyesha mwanasesere.

Mtoto akatikisa kichwa kukubali.

"Maskini. Basi tumtibu."

Chiriku aliangalia mlango, akaangalia cherehani. Kisha akamkalisha mwanasesere pajani, ubavu kifuani, akambana miguu. Akamdunga mkononi kwa kidole. Halafu akapuliza, fuu, fuu, taratibu, kama anayepoza chai.

"Amepona?" Sisimizi aliuliza.

Mtoto akatikisa kichwa kukataa. Akamgeuza mwanasesere, akamlaza kifudifudi kwenye magoti. Akampiga kofi dogo kwenye kalio, akamdunga pale pale, kwa nguvu. Akamkaripia kwa sauti nene ya kiume, na hayo ndiyo maneno ya kwanza Sisimizi kuyasikia kutoka kwake: "Ukilia hupati kofia."

Kisha akatoa kitu chini ya mkeka, akamvika mwanasesere kichwani. Kilikuwa kifuniko kidogo cha plastiki cha bluu, kile kinachobanduliwa juu ya kichupa cha dawa ya sindano.

"Kofia nzuri," alisema Sisimizi. "Kampa nani?"

Chiriku alifungua mdomo.

"Mke mwenzangu," bibi aliita kutoka kwenye kigoda. Sauti ilikuwa ya utani, kama mabibi wote wanavyowatania wajukuu wa kike, lakini ilikuwa imekauka. "Njoo unisaidie kuokota mawe."

Mdomo ukafungwa. Mtoto alijikokota kwa makalio mpaka kwenye sinia, mguu unamfuata nyuma. Mama yake alikuwa amegeuka kwenye kiti, kola mkononi, anamtazama mwanasesere aliyebaki peke yake kwenye mkeka, kofia imekaa upande.

Sisimizi alivaa viatu. Sindano mbili, mahali pawili, watu wawili. Mtoto alikuwa ameshamaliza ushahidi wake bila kuulizwa jina.

Hakuhitaji kwenda mbali. Katika kila mtaa wa watu wanaofanya kazi mchana kutwa kuna duka la dawa linalofungwa kwa kuchelewa, na la mtaa ule lilikuwa kwenye kona baada ya mashine ya kusaga. Nje kwenye benchi wanaume wawili walicheza drafti. Mmoja alitumia visoda. Mwenzake alitumia vifuniko vya bluu.

"Unakula au unafikiri?" mwenye visoda alikuwa anauliza.

"Nafikiria nitakavyokula."

Sisimizi akawapita, akaingia. Juu ya kaunta feni lilizunguka na kugonga, ka, ka, ka. Muuza dawa alikuwa mtu mnene mwenye koti jeupe lisilo na kifungo. Mtaani walimwita Mkono Mwepesi.

"Nina mtoto mdogo nyumbani," alisema Sisimizi, na hilo halikuwa uongo. "Akichomwa chanjo anapata homa."

"Mlete. Homa ya chanjo naijua. Sindano moja tu, asubuhi anaimba."

"Si nimpe dawa ya maji?"

"Maji ni ya kuoga," alicheka Mkono Mwepesi. "Mama, unataka apone au unataka abembelezwe?"

"Naogopa sindano. Utamchoma wapi?"

"Pale pale penye nyama. Mimi namlaza magotini, wewe unashika miguu. Hujamaliza kusema bismillahi, nimeshatoa."

"Atalia."

"Kwangu hawalii." Akachota kifuniko cha bluu kwenye bakuli chini ya kaunta, akakizungusha juu ya kioo kama pia. "Asiyelia anavishwa kofia."

Sisimizi alikitazama mpaka kilipolala. Kisha akaweka kitambulisho cha Mfuko karibu nacho. Mkono Mwepesi alisoma herufi za juu, na cheko likamtoka usoni polepole.

"Mimi nauza tu," alisema. "Sichomi mtu. Sina ruhusa ya kuchoma, nichomee wapi?"

"Umenieleza sasa hivi."

"Nilikuwa natania. Biashara ni maneno."

"Kuna mtoto mguu wake umelala. Nataka kujua ulimchoma dawa gani, daktari apate kujua."

"Simjui mtoto yeyote. Nenda kamwulize huyo bibi yake kwanza, kwa nini hakusema mwenyewe."

Feni liligonga juu. Nje mtu alikula kete, akacheka.

"Bibi?" alisema Sisimizi. "Mimi sijakutajia bibi yeyote."

Mkono Mwepesi aliketi. Kwa muda alipangusa kioo cha kaunta kwa kiganja, mahali pale pale, mpaka pakang'aa. Halafu akasema jina la dawa, kwa sauti ya mtu anayeungama kwa ukuta. Wale wa drafti walikuwa wamesikia. Aliyekuwa na vifuniko aliviokota kimoja kimoja, akavitia mfukoni, akaondoka bila kumaliza mchezo. Sisimizi alitoka akasimama kibarazani pa duka mpaka wakaguzi wa dawa aliowapigia simu walipofika na kufuli lao.

Alirudi kwa bibi akamkuta peke yake na mtoto. Sinia lilikuwa tupu. Hakukaa.

"Mama, kwa Mkono Mwepesi kuna feni," alisema. "Uwanja wa shule hakuna."

Bibi alivuta mtandio mbele kidogo, kama anayejikinga na jua. Hakukana. "Nilijua nilipolisema," alijibu. "Neno likishatoka halina mkia wa kulivutia."

"Ilikuwaje?"

"Jioni mtoto alikuwa moto kama jiko. Muuguzi alishaniambia joto linaweza kuja, nimpe maji, nimpe dawa aliyonipa, nimfute kwa kitambaa. Nikafanya. Halikushuka upesi. Mama yake yuko kiwandani kwa zamu, mwanangu yuko barabarani. Mtoto analia, mimi naye roho inalia. Nikambeba mpaka dukani. Alipomchoma, mtoto alipiga ukelele ambao si wa sindano. Ule ukelele naujua hata sasa."

"Kwa nini ukasema ni muuguzi?"

"Mkwe wangu alinikataza duka lile. Alinikataza kwa mdomo wake, mara nyingi. Ningemwambia nini? Asubuhi naona mguu, nipo mlangoni nimeshikilia ukuta, jirani akapita akauliza, ni ile chanjo? Nikanyamaza. Mchana wakawa wanasema wao. Jioni na mwanangu mdogo naye kashapanga madai. Uongo sikuutunga, mwanangu. Watu walinipa mkononi, mimi nikaupokea."

"Muuguzi atafukuzwa kazi."

"Najua."

"Na mguu unakauka huku mnaulinda."

Bibi alifumba macho. "Nikisema, mkwe atanitoa humu. Niende kwa nani?"

"Ukisema, mguu una nafasi. Mimi naweza kusema badala yako, mama. Lakini mtoto huyu umemfunga mdomo wewe, na wewe ndiye wa kuufungua."

Mlangoni palikuwa na kivuli. Mama wa Chiriku alikuwa amesimama na furushi la sare kichwani, na nyuma yake baba mdogo na simu zake. Hakuna aliyejua alikuwa pale tangu lini. Bibi alijiinua kwenye kigoda, akaenda akasimama mbele ya mkwe wake, mikono imening'inia.

"Nilimpeleka kwa Mkono Mwepesi," alisema. "Siye yule muuguzi. Ni mimi."

Mama mtu alishusha furushi. Alilishusha polepole sana, akaliegemeza ukutani lisianguke. Sisimizi alijiandaa kuingia katikati. Lakini mwanamke hakwenda kwa bibi. Alikwenda kwenye msumari, akashusha kile kifaa, akauchana mfuko wa nailoni kwa meno.

"Shemeji, ngoja kwanza," alisema baba mdogo. "Na madai?"

"Madai yana miguu? Hebu nipishe."

"Sisemi usimvalishe, nasema tuulize kwanza kama…"

"Nimekusikiliza mpaka mguu wa mwanangu umekuwa kuni. Nipishe, nimekwambia."

Kijana alisogea. Alimtazama Sisimizi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na usemi wa nyumba nzima mdomoni. "Kwa hiyo hamlipi?" aliuliza, taratibu.

"Fidia ya chanjo, hapana. Chanjo haikumgusa mguu. Mkono Mwepesi ana yake ya kujibu, na hilo nitawaonyesha pa kulipeleka."

Mama alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, anapambana na mikanda. Mkanda wa juu ukaingia tundu la chini. Ndipo sauti ndogo ikasema, "Siyo hapo, mama."

Wote waligeuka.

"Daktari aliufunga hivi, halafu huu ukaja huku," alisema Chiriku. "Akaniambia nikunje vidole kama nashika penseli, mimi nikamwambia sijaanza shule, akacheka, ana jino la dhahabu. Halafu yule mwenye feni alininyima kofia kwa sababu nililia, bibi akaniokotea chini, ila sikulia sana, nililia kidogo, halafu bibi akasema tusimwambie mtu…"

Alisema, akasema, akasema. Mama yake aliufuata mkanda mmoja mmoja kama alivyoelekezwa. Bibi alishuka sakafuni kwa shida, akaushika unyayo wa mjukuu wake kwa mikono miwili ili kifundo kikae sawa. Mkwe hakumtazama, lakini hakuiondoa mikono ya bibi.

Ijumaa kabla ya saa ya kufunga ofisi, Mzee Haraka alipata alichotaka: dai limekataliwa, sababu zimeelezwa, muuguzi arudishwe kazini. Sisimizi hakushangilia. Daktari wa mifupa alikuwa ameuchezesha mguu ule kwa muda mrefu kabla ya kusema kitu, na alichosema kilikuwa kwamba wangemletea mapema angekuwa na maneno mengine. Kidole gumba kilikuwa kimecheza kidogo. Ndilo tumaini walilokuwa nalo, na mama wa Chiriku alilichukua, akatembea nalo kila siku hadi kwenye mazoezi, mtoto mgongoni anaongea njia nzima.

Jumamosi asubuhi Sisimizi alimpeleka kitinda mimba wake zahanati. Muuguzi alikuwa amevaa sare iliyonyooka kuliko zote. Mtoto akapoza chai. Kisha Sisimizi akapitia saluni, kwa sababu kule ndiko neno lilikoanzia kumfuata.

"Kwa hiyo siyo friji?" msusi aliuliza, chanuo hewani.

"Siyo friji."

"Na mimi nimewaambia wateja wote." Msusi alikaa kwenye kiti cha mteja. Akavuta kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza nyuma, akachukua wanja kwa sababu kalamu haikuwapo. "Hebu sema polepole, niandike. Niibandike hapa pembeni ya kioo, kila anayesukwa asome asome mpaka achoke."

Sisimizi akasema, msusi akaandika. Bado imebandikwa pale:

Usimpeleke mtoto kuchomwa sindano dukani. Dukani ni pa kununua.

Usimkubalie mtu amchome mtoto kwenye kalio kwa sababu tu ana koti jeupe.

Mtoto akipata joto baada ya chanjo, usitafute sindano ya pili. Fanya alivyokwambia muuguzi. Joto lisiposhuka, mrudishe zahanati.

Usimwachie bibi mtoto mgonjwa bila kumwachia na pa kukimbilia.

Usiache mguu bila tiba eti ni ushahidi.

Usiseme "watu wanasema" kama humjui aliyesema.

Usifiche kadi ya mtoto chini ya mkoba.

Usimnyamazishe mtoto aliyeona.